Hofu ya mbwa na sahani yake: Njaa haimfanyi mlinzi kuwa mkali

NGURUMO za kwanza za masika zinaposikika juu ya vilima vya Shimba, wako mbwa katika vijiji vya Kwale ambao hawangoji mvua ifike. Hutetemeka, huhema ulimi ukiwa nje, hukwaruza milango na kujibanza nyuma ya ghala. Wengine hukata kamba na kutoweka hadi siku ya pili. Huko Diani, kinachowatoa mbio si radi pekee. Fataki zinazorushwa usiku wa kuamkia Mwaka Mpya huwatimua baadhi yao hadi barabarani, katikati ya matatu na bodaboda.

Mwenye mbwa wa aina hii kwa kawaida hupewa ushauri wa namna mbili. Wa kwanza ni kwamba amtafute mwingine, kwani huyu ni mwoga na hafai kwa ulinzi. Wa pili ni kwamba mbwa huyo anashibishwa mno: apunguziwe chakula, afungwe mnyororo mchana kutwa, naye atakuwa mkali. Wapo hata wanaomlisha pilipili au masega ya nyigu wakiamini kwamba ukali wa vitu hivyo utamhamia.

Ushauri huo wa pili ndio wenye madhara zaidi. Mbwa anayenyimwa chakula hawi mlinzi bora, bali huwa mnyama mwenye wasiwasi, na hofu ni miongoni mwa sababu kuu zinazomfanya mbwa aume. Mbwa mwenye hofu hatofautishi kati ya mwizi aliyeruka ua na mtoto wa jirani aliyetumwa kuomba chumvi. Na kwa kuwa mtoto hupita hapo kila siku ilhali mwizi huja mara moja kwa mwaka, si vigumu kubashiri ni nani atakayeumwa.

Isitoshe, Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inamhesabu mtu anayemnyima mnyama wake chakula au maji kuwa mkosaji.

Ikiwa njaa huongeza hofu, je, chakula kizuri kinaweza kuipunguza? Utafiti wa tabia za wanyama unaonyesha kwamba kinaweza, lakini kwa kiasi, na mara nyingi kwa njia tofauti na zile zinazotangazwa na wauzaji wa vyakula vya mbwa vya pakiti.

Kabla ya chungu kubandikwa mekoni, hata hivyo, liko jambo la kutangulizwa. Si kila mbwa mwenye wasiwasi anahitaji chakula. Mbwa aliyekuwa mtulivu kisha akabadilika ghafla, katika muda wa siku chache, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo mara nyingi huanza kwa mabadiliko ya tabia: mkali huwa mpole kupita kiasi, mpole huwa mkali, hujificha gizani, hushtushwa na mwanga na sauti, hukataa chakula au hutafuna vitu visivyoliwa kama vijiti na mawe. Baadaye taya hulegea na mate humtiririka.

Dalili hizo zikishajitokeza, hakuna tiba, kwa mbwa wala kwa binadamu. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa hadi asilimia 99 ya visa vya kichaa cha mbwa kwa watu hutokana na mbwa. Kenya iliandaa mkakati wa kitaifa wa kuuangamiza ugonjwa huo kati ya 2014 na 2030, na nguzo yake kuu ni kuwachanja mbwa kila mwaka.

Kwa hivyo, mbwa wa namna hiyo hafanyiwi majaribio ya mapishi, wala mtu hapaswi kumtia mkono kinywani akidhani amekwamwa na mfupa. Atengwe pasipo kuguswa na daktari wa mifugo aarifiwe. Mtu aliyeumwa, aliyekwaruzwa au aliyelambwa penye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku iyo hiyo, iwe Msambweni, Kwale au Kinango, bila kungoja kuona kama mbwa atakufa.

Yako pia maradhi madogo yanayojificha nyuma ya woga. Mchanga wenye unyevu na joto la pwani huwafaa mno mabuu ya minyoo ya safura, ambayo hunyonya damu tumboni mwa mbwa na kumwacha mnyonge. Kupe nao huleta homa zinazomlegeza na kumpa maumivu ya viungo. Mbwa mwenye jino bovu au sikio lenye usaha hushtuka akiguswa, na mwenyewe hudhani ameingiwa na hofu. Ndiyo maana dawa ya minyoo na uchunguzi wa daktari hutangulia. Kumpa samaki mbwa aliyejaa minyoo ni kuilisha minyoo.

Mbwa akishaonekana mzima ndipo sahani yake inapofaa kutazamwa.

Katika nyumba nyingi za vijijini mbwa hula mara moja, usiku, baada ya watu kumaliza. Hutupiwa ukoko wa ugali, mchuzi uliobaki na miiba ya samaki. Siku ambayo watu wamemaliza chungu, mbwa hulala hivyo hivyo. Mwezi wa Ramadhani mambo huzidi kumchanganya, kwani jiko hunyamaza mchana na kuchangamka magharibi na wakati wa daku. Mbwa aliyezoea kula saa tatu usiku hashiki tena zamu yake ni ipi.

Kasoro ya kwanza, basi, ni ya saa. Mnyama asiyejua atakula lini, au kama atakula, hukaa macho. Kila kishindo cha sufuria humwinua, kila mgeni mwenye mfuko humtia shauku na shaka kwa pamoja. Kumtuliza katika hili hakugharimu hata senti moja: chakula kile kile kigawanywe mara mbili, tuseme saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni, kila siku, mahali pale pale, katika chombo chake mwenyewe. Mbwa wa ulinzi ale kabla ya kuingia zamu, si baada ya zamu kwisha.

Chombo cha pekee kina faida nyingine katika pwani hii, ambako Waislamu wengi ni wa madhehebu ya Imam Shafii na huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Sahani ikiwa yake na mahali pake pakiwa nje, hapatakuwa na mvutano nyumbani. Dini hiyo hiyo imeruhusu kufuga mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa mawindo, na habari ya mtu aliyesamehewa kwa kumtekea maji kisimani mbwa mwenye kiu inafahamika madrasani kote.

Kasoro ya pili ni ya kilichomo. Ugali wenyewe si sumu kwa mbwa, kama wanavyodai baadhi ya wafugaji wa mjini. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, walionyesha kwamba mbwa, tofauti na mbwa-mwitu aliyetokana naye, amejaliwa nakala nyingi za jeni inayomwezesha kumeng'enya wanga. Kwa maneno mengine, kuishi na binadamu kwa maelfu ya miaka kumemzoesha chakula cha binadamu. Tatizo la ugali ni upweke wake.

Mahindi yana upungufu wa triptofani, mojawapo ya chembechembe zinazojenga protini. Mwili wa mbwa, sawa na wa binadamu, hauwezi kujitengenezea triptofani. Lazima uipate katika chakula. Na ni kutokana na triptofani ubongo hutengeneza serotonini, kemikali inayosaidia kudhibiti hofu, usingizi na hasira. Mbwa anayeshindia ugali mtupu hupungukiwa na malighafi hiyo.

Hapa ndipo makampuni ya vyakula yanapoingia na ahadi zao, na ni vyema msomaji apime. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts nchini Marekani walichapisha matokeo mawili, 1996 na 2000. Katika la kwanza, kupunguza protini kuliwatuliza kiasi mbwa waliokuwa wakali kwa kulinda himaya yao, hasa wale ambao ukali wao ulichanganyika na hofu. Katika la pili, lililohusisha mbwa 33, kuongeza triptofani katika chakula chenye protini kidogo kulipunguza ukali wa aina hiyo. Lakini mwaka 2009, watafiti wa Uholanzi waliwapa triptofani ya ziada mbwa zaidi ya 100 wenye wasiwasi mdogo, na tabia zao hazikubadilika, ijapokuwa kiwango chake katika damu kilipanda.

Funzo moja ni kwamba matokeo hayo hayamhusu moja kwa moja mbwa wa Lunga Lunga. Mbwa wa Marekani na Uholanzi walikuwa tayari wanakula chakula kamili, na walichoongezwa kilikuwa juu ya kiasi cha kutosha. Kuziba pengo ni jambo tofauti na kujaza ndoo iliyokwisha kujaa. Kwa sababu hiyo pia, mwenye mbwa wa kijijini asisome habari za kupunguza protini akaamua kuondoa hata kile kichwa cha samaki. Mbwa wake hana ziada ya kupunguzwa.

Kwa bahati, pwani ya kusini si mahali pa kukosa protini. Mialo ya Gazi, Msambweni, Shimoni na Vanga hupokea samaki wadogo na vichwa ambavyo havipati mnunuzi. Dagaa wazima, mifupa yao ikiwamo, huleta protini yenye triptofani, madini ya chokaa na yale mafuta ya samaki ambayo ubongo huyahitaji. Mayai, maini kidogo na matumbo ya mbuzi nayo yanafaa. Mbaazi na kunde zilizochemshwa zikaiva sana husaidia pale samaki anapoadimika.

Sharti ni kwamba samaki apikwe. Baadhi ya samaki wadogo wa jamii ya dagaa wakiwa wabichi huwa na kimeng'enyo kinachoharibu vitamini B1, na mbwa anayewala kila siku huweza kupata ugonjwa wa neva, akayumbayumba na kutetemeka. Huo utakuwa msiba wa kuchekesha: kumlisha mbwa samaki ili atulie, kumbe ndiye anayemtetemesha. Moto hukivunja kimeng'enyo hicho. Ng'onda na samaki wengine wa chumvi walowekwe na maji yamwagwe mara kadhaa, au waachwe kabisa.

Mbwa wa kienyeji aliyekomaa mwenye uzito wa kilo 15 huweza kutoshelezwa kwa siku na ugali wa gramu 150 hivi za unga, gramu 150 hadi 200 za samaki au nyama iliyopikwa, konzi ya mchicha au malenge yaliyochemshwa, na kijiko kidogo cha mafuta. Pale ambapo hakuna mifupa laini ya dagaa, nusu kijiko cha chai cha maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa laini huongeza chokaa. Hiki si kipimo cha daktari bali ni mahali pa kuanzia. Mbavu zikianza kuonekana kiongezwe, zisiposhikika tena kwa vidole kipunguzwe. Maji safi yawepo wakati wote. Mabadiliko yafanywe polepole kwa siku saba hadi kumi, kwa kuwa tumbo lililozoea ugali likigeuziwa mambo kwa siku moja litaharisha, na mbwa anayeharisha hatulii.

Swali ambalo halikosi kuulizwa Kwale, nchi ya minazi, ni kuhusu nazi. Wafuasi wa mafuta ya nazi husema yanatuliza ubongo. Dai hilo lina mzizi. Mwaka 2015, Chuo cha Kifalme cha Mifugo cha London kilichapisha utafiti uliohusisha mbwa 21 wenye kifafa, waliolishwa chakula chenye aina ya mafuta ambayo nazi inayo. Vifafa vilipungua, na uchambuzi uliofuata mwaka 2016 ukaonyesha kuwa hofu yao kwa watu wageni ilipungua pia. Lakini hao walikuwa wagonjwa wa kifafa, na mafuta yale yalikuwa yamechujwa na kupimwa. Tui zito la nazi linalomwagiwa mbwa juu ya wali ni jambo jingine. Mafuta mengi kwa mpigo huweza kumletea uvimbe wa kongosho, maumivu makali na matapishi. Kijiko kimoja hakina ubaya. Bakuli zima halina ushahidi.

Hali ni kama hiyo kwa bakteria wa tumboni. Mwaka 2018 ilitolewa taarifa ya mbwa 24 wa aina ya Labrador waliopewa bakteria maalum na wengi wao wakaonekana kupungua wasiwasi. Utafiti huo ulifanywa na watafiti wa kampuni inayouza bidhaa hiyo. Huenda ni kweli, lakini mwenye mbwa wa Kinango hana haraka ya kuuza mbuzi ili ainunue.

Muhimu zaidi kwake ni vitu vya kuondoa. Mchuzi uliobaki una vitunguu maji na vitunguu saumu, ambavyo huharibu chembe za damu za mbwa kidogo kidogo. Muhogo mbichi una sumu inayopungua kwa kumenywa na kuchemshwa, maji yakamwagwa. Mnazi na ulevi wowote haumtulizi mbwa, humtia sumu. Masalio ya miraa na muguka yanayotupwa vibarazani yana kichangamshi ambacho humwacha mbwa akihaha na moyo ukimwenda mbio, na kwa jicho la mwenyewe hiyo ni hofu tupu. Katika nyumba za wageni Diani, chokoleti, zabibu kavu na peremende zisizo na sukari zenye zailitoli ni hatari vile vile.

Ufuoni kuna bunju. Wavuvi wanamjua na humtupa, lakini mbwa hana habari. Sumu yake hulegeza misuli hadi ile ya kupumua, na kupika hakuiondoi.

Halafu uko unga ulioota ukungu. Ni desturi ya miaka mingi kwamba unga usiofaa kwa watu ni wa mbwa na kuku. Sumu ya kuvu ya mahindi ndiyo iliyoua watu 125 katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake mwaka 2004, na mbwa si imara kuliko binadamu mbele yake. Ini likiharibika, uchafu uliopaswa kuchujwa hupanda ubongoni na mnyama huanza kutangatanga, kukandamiza kichwa ukutani na kushtuka bila sababu. Unyevu wa pwani huifanya hatari hiyo kuwa karibu, hasa masika.

Yote hayo ni kuhusu kilichomo ndani ya chakula. Ushahidi ulio dhahiri zaidi, hata hivyo, ni kuhusu namna na wakati wa kukitoa. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, alichapisha mwaka 2020 majibu ya wenye mbwa 1,225 juu ya hofu ya fataki. Miongoni mwa waliokuwa wakiwapa mbwa wao chakula kitamu au mchezo kila mlio ulipotokea, zaidi ya asilimia 70 walisema njia hiyo ilisaidia. Ilizishinda dawa za mitishamba na manukato ya kutuliza kwa mbali.

Wapo wanaohofia kwamba kumpa mbwa mnofu akitetemeka ni kumzawadia woga. Sivyo. Hofu si tendo analochagua mbwa ili alipwe. Kinachotokea ni kwamba mlio uliokuwa ukimaanisha balaa huanza kumaanisha samaki. Utaratibu wake ni kwamba mlio utangulie na mnofu ufuate papo hapo, wala si kinyume chake, na mbwa asilazimishwe kukaribia kinachomwogopesha. Akiwa ameshazidiwa hata hawezi kula, muda wa mafunzo umepita. Asogezwe penye utulivu.

Kulamba na kunusa navyo hutuliza. Kifuu cha nazi kilichosuguliwa kingo, kikapakwa uji mzito wa dagaa ndani yake, humshughulisha mbwa muda mrefu wakati ngoma za harusi zinapopigwa jirani. Punje za chakula zilizotawanywa kwenye nyasi kavu humfanya atumie pua badala ya kukodolea lango macho. Hili linawafaa hasa mbwa wa nyumba za likizo ambao hufungiwa uani siku nzima na mlinzi mmoja.

Mbwa hao wana tatizo lao. Msimu wa watalii, mabaki ya jikoni hufurika: nyama zenye viungo, keki, mifupa iliyopikwa ambayo huvunjika vipande vyenye ncha. Kuanzia Aprili hadi Juni, nyumba nyingi hufungwa na sahani hukauka. Mwaka 2020 Kenya ilipositisha safari za ndege za kimataifa, kuanzia Machi hadi mwisho wa Julai, kiangazi hicho kilikuja bila kutarajiwa. Mwenye njaa hana miiko, na mbwa aliyezoeshwa karamu huishia jalalani, akipigania mfupa na mbwa wasiochanjwa. Mwenye nyumba anayeondoka humwachia mlinzi funguo na ratiba ya bustani. Gunia la unga na fedha za dagaa mara nyingi husahaulika.

Anayeanza mabadiliko haya aandike katika daftari tarehe, alichompa, na mara ngapi mbwa alitetemeka, alijificha au alibweka pasipo sababu. Wiki sita hadi nane ndizo zinazotosha kutoa picha. Pasipo nafuu kufikia hapo, arudi kwa daktari wa mifugo, kwani ziko dawa za hofu ambazo hutolewa kwa kipimo chake, na dawa za usingizi za binadamu hazifai kukisiwa. Kwa wale wa Diani wanaowazia fataki za Desemba 31, hesabu hiyo inamaanisha kuanza mwezi Oktoba, na ikiwa chanjo ya kichaa cha mbwa ya mwaka huo haijatolewa, safari ya kwanza kwa daktari iwe ya shughuli zote mbili.